Ukikwama kwenye Final Fantasy X, tazama upande wa kulia wa skrini

Kuna ushauri mmoja unaozunguka miongoni mwa wachezaji wa gemu za Kijapani hapa Arusha na kule Moshi, nao umewaharibia wengi Final Fantasy X. Bosi, yaani adui mkubwa anayeziba njia, akikushinda, wanasema, rudi nyuma, zunguka ukipiga mazimwi mpaka wahusika wako wawe na nguvu za kutosha, kisha mrudie. Kwa gemu nyingi za zamani za aina hii ushauri huo ulifaa. Kwa hii haufai. Final Fantasy X, ambayo Square waliitoa mwaka 2001 kwa ajili ya PS2, imejengwa ili mchezaji anayefikiri aweze kumwangusha bosi kwa nguvu za kawaida alizozipata njiani. Anayekesha akizunguka porini anajinyima kitu bora kuliko vyote vilivyomo, nacho ni vita vyenyewe.

Moyo wa vita hivyo ni safu ya picha ndogo iliyo upande wa kulia wa skrini. Inaonyesha nani anacheza sasa, nani atafuata, na adui ataingia wapi katikati yenu. Kuanzia toleo la nne hadi la tisa, mfululizo huu ulitumia mfumo ambao saa inakimbia hata wewe ukiwa bado unasoma menyu. Kwenye toleo la kumi timu ya vita iliyoongozwa na Toshiro Tsuchida iliiondoa saa hiyo kabisa. Weka pedi chini, nenda kaepue sufuria jikoni, ukirudi utakuta kila mtu amesimama alipokuwa, anakusubiri.

Wengi wanaitazama safu hiyo kama pambo. Si pambo. Peleka kishale juu ya amri yoyote bila kubonyeza, na safu itajipanga upya kukuonyesha zamu yako inayofuata itaangukia wapi ukichagua amri hiyo. Kutumia dawa hukurudishia zamu mapema kuliko kupiga upanga. Uchawi wa Haste hupunguza muda wa kusubiri kwa nusu, Slow huuongeza mara mbili, na Delay Attack, pigo la Tidus, shujaa wa hadithi, humsukuma adui mmoja chini ya orodha. Kumwingiza mhusika mwingine uwanjani hakugharimu zamu hata kidogo, kwa maana anayeingia anacheza papo hapo. Mchezaji wa bao aliyekomaa hatazami kete za mkononi peke yake, anahesabu zitaishia shimo gani na mwenzake atabaki na nini, na hapa hesabu ni ya namna hiyohiyo.

Somo la kwanza la wazi liko kwenye hekalu la Macalania, kuhani Seymour anapogeuka adui. Ana walinzi wawili wanaojitibu kwa dawa kila wanapopigwa, hivyo unaweza kuwapiga kwa muda mrefu bila kuona faida. Rikku, mwizi wa kundi lako, akitumia Steal kwa kila mmoja, akawaibia dawa zao, kujitibu kunakoma. Zamu mbili tu, kazi imekwisha. Kisha Seymour mwenyewe anapiga uchawi kwa mpangilio usiobadilika: barafu, radi, maji, moto, halafu anaanza upya. Yuna, mponyaji wenu, ana kinga ya kila kimoja, yaani NulFrost, NulShock, NulTide na NulBlaze. Tazama kwenye safu Seymour ameketi wapi, kumbuka uchawi wake wa mwisho ulikuwa upi, weka kinga ya unaofuata. Mchezaji anayefanya hivyo anapita bila jasho, na nguvu za wahusika wake ni zilezile za yule anayelalamika kuwa vita hivyo haviwezekani.

Evrae, joka la angani lenye HP (kipimo cha uhai) 32,000, naye ana lugha yake. Akivuta pumzi, jua pumzi ya sumu inafuata. Jicho lake linageuza mtu jiwe. Rikku akiwa na Al Bhed Potion mfukoni, chupa moja inawarudishia wote watatu walio uwanjani HP 1,000 na kuondoa sumu na ujiwe kwa pamoja. Usisahau pia kuwa meli inaweza kuamriwa irudi nyuma. Ikiwa mbali, panga hazimfikii, ila mpira wa Wakka na uchawi wa Lulu vinafika. Basi.

Sasa tufike Mlima Gagazet, mahali ambapo disiki nyingi hutolewa kwenye mashine na kutorudishwa tena. Seymour Flux ana HP 70,000, na nyuma yake yuko Mortiorchis, kiumbe anayecheza zamu zake mwenyewe. Mtego wao una hatua mbili. Seymour anamchoma mmoja wenu kwa Lance of Atrophy na kumfanya Zombie. Kisha Mortiorchis anampigia huyo Zombie uchawi wa Full-Life, ambao kwa mtu wa kawaida ni uponyaji kamili lakini kwa Zombie ni kifo. Mchezaji asiyeelewa anaona mtu wake anakufa ghafla na HP zikiwa tele, anahitimisha kuwa hana nguvu za kutosha, anarudi chini mlimani kuzunguka. Atazunguka usiku kucha na atauawa vilevile, kwa sababu Full-Life haijali una HP 2,000 au 6,000.

Dawa ni Holy Water, inayoondoa hali ya Zombie, na kinachokupa nafasi ya kuitumia ni Haste. Panda na Holy Water zisizopungua 10. Vita vikianza, zamu za kwanza za Tidus ziende kwenye Haste kwa wote watatu, au Hastega kama ameshaifikia. Mkuki ukishachoma, tazama safu: kabla ya picha ya Mortiorchis lazima kuwe na mmoja wenu, na bila Haste mara nyingi hayupo. Huyo mmoja anamsafisha aliyechomwa, na Full-Life iliyokusudiwa kuua inamjaza HP bure. Adui amepoteza zamu mbili, wewe umepoteza moja, tena ya dawa, ambayo ni fupi.

Wakati huohuo, Lulu ampige Seymour kwa Bio. Kinyume na mabosi wengi, huyu anashikwa na sumu, nayo inamkata HP 1,400 hivi kila zamu yake bila wewe kufanya lolote. Kuhusu viumbe wa kuitwa na Yuna, watu hulalamika kuwa Seymour anawafukuza kwa Banish mara tu wanapotokea. Kweli anawafukuza, ila baada ya kucheza zamu moja. Kwa hiyo kabla ya kumfikia, pigana na mazimwi ya kawaida, mwite kila kiumbe, tumia Boost ili apigwe sana na kipimo cha Overdrive, yaani pigo lake kuu, kijae, kisha mrudishe na usevu kwenye duara la kusevu lililo karibu. Kwenye vita, kila anayeitwa anatokea na Overdrive iliyojaa, anaiachia, anafukuzwa. Hujapoteza kitu. Halafu kuna Total Annihilation ya Mortiorchis: gemu inakuonya kabla haijaja, na onyo hilo maana yake ni moja, acha kushambulia, jaza HP za wote watatu.

Yunalesca, bosi wa baada ya hapo, anapindua somo hilo chini juu, na hapa nawavulia kofia waliomtunga. Ana maumbo matatu, yenye HP 24,000, kisha 48,000, kisha 60,000. Umbo la kwanza linajibu kila pigo: ukimpiga kwa silaha anakupofusha, ukimpiga kwa uchawi anakunyamazisha. Umbo la pili linakuja na Hellbiter, inayowageuza wote kuwa Zombie kwa mkupuo. Mchezaji aliyetoka kwa Seymour Flux anakimbilia Holy Water, anawasafisha wote watatu, anajipongeza. Umbo la tatu likifunguka tu, pigo la kwanza ni Mega Death, linaloua kila aliye hai asiye Zombie. Wote watatu chini, gemu imekwisha, hata kama wenzao wanne walio nje ya uwanja wana HP kamili.

Kwa hiyo ukiona umbo la pili linakaribia kuanguka, hakikisha mmoja, afadhali wawili, wamebaki Zombie. Vumilia usumbufu wake: Zombie hatibiwi kwa Cure wala Potion, kwani vinamuumiza, na ukimpa Phoenix Down, dawa ya kufufua, angali hai unamuua kwa mkono wako. Mega Death ikishapita, Zombie aliyesalia anamwinua mwenzake kwa Phoenix Down na mpango unaendelea. Kuanzia hapo Hellbiter na Mega Death zinarudi rudi, na kazi yako ni kuchagua nani abaki mchafu na nani awe safi. Nguvu nyingi zinapunguza idadi ya zamu utakazohitaji, lakini fumbo linabaki lilelile.

Kwenye vita hivi ndipo lilipo kosa kubwa la gemu hii, na halina utetezi. Kabla ya Yunalesca kuna maonyesho marefu ya hadithi, na kwenye disiki ya PS2 hayarukwi. Ukishindwa unarudishwa mwanzo wa programu, unafungua sevu yako, unatembea, unatazama tena neno kwa neno. Kwa anayelipia kwa saa kwenye kibanda cha gemu Ngarenaro au Majengo, dakika hizo ni pesa inayoteketea. Umeme nao ukikatika, hakuna sevu ya kujiendesha yenyewe, kilichomo kwenye memori kadi ndicho ulichonacho. Ndiyo maana vibanda vimebaki vya gemu za mpira. Mechi moja inaanza na kuisha ndani ya muda uliolipiwa, wakati hadithi hii inataka saa 40 na zaidi. Ni gemu ya nyumbani. Gusa kila duara la kusevu unaloliona, hata kama uligusa jingine dakika tano zilizopita, maana pia linarudisha HP na MP (nguvu za uchawi) zote bure.

Mahali inapotushinda kwa umeme, inatubeba kwa pedi. Pedi za mitumba zenye vitufe vilivyolegea ni maumivu kwenye mpira, ambako nusu sekunde ni goli. Hapa pedi mbovu haikuangushi, kwa kuwa adui hachezi mpaka uamue. Na kwa sababu hiyohiyo watu wanne wanaweza kukaa mbele ya televisheni moja, mmoja kashika pedi, wengine wanabishana kama ni zamu ya Haste au ya Holy Water, na wote wakawa wanacheza kweli. Isipokuwa jambo moja: Overdrive ya Lulu inataka uzungushe kijiti cha analogi cha kulia kwa kasi, na ya Auron, mpiga upanga, inataka mfuatano wa vitufe ndani ya sekunde chache. Kijiti cha kulia kikiwa kimekufa, Lulu mtegemee kwa uchawi wa kawaida.

Kuhusu nguvu zenyewe, sisemi zipuuzwe. Nasema zinapatikana bila kukesha ukijua zinavyogawiwa. AP, yaani alama za uzoefu, haigawanywi. Kila mhusika aliyefanya tendo hata moja kwenye pambano anapata fungu kamili, mradi awe hai mwishoni. Anayecheza na watu watatu walewale kuanzia Besaid mwanzoni hadi Gagazet amewanyima wanne waliobaki fungu la safari nzima, ndipo anafika mlimani na Yuna dhaifu na kudhani gemu inamwonea. Kwenye kila pambano lenye nafasi, ingiza kila mtu kwa zamu moja. Maadui wenyewe wanakuelekeza nani aingie: wepesi kama mbwa mwitu ni wa Tidus, wanaoruka ni wa Wakka, wenye magamba ni wa Auron, flan laini wasiohisi upanga ni wa Lulu, na mashine Rikku anazivunja kwa Steal tu.

Kwenye Sphere Grid, ubao ambao AP hugeuzwa kuwa nguvu, kosa la kawaida ni kutembea hadi mwisho wa kila kichochoro. Huna haja. Unaweza kuwasha kitundu ulichosimama na vile vinavyopakana nacho, kwa hiyo kichochoro cha vitundu viwili hupunguza hatua moja. Kurudi nyuma kwenye njia uliyokwisha kuiwasha ni rahisi: leveli moja inakupeleka hatua nne, wakati mbele ni hatua moja. Kimahri, mhusika wa saba, ameanzia katikati na hana njia yake hasa. Kwa maoni yangu, Key Sphere ya kwanza, inayofungua kufuli za ubao, impeleke upande wa Rikku apate Steal na Use mapema. Watu wanamdharau kwa sababu wamemwacha azubae katikati. Agility, yaani wepesi, nayo huongezeka kwa ngazi. Kati ya 98 na 169 kasi ya zamu ni ileile, kwenye 170 inabadilika, na kutoka hapo hadi 255 hakuna kasi mpya ya zamu unayonunua.

Namba za namna hiyo ni za watu wanaobaki baada ya hadithi, na hapo ndipo mimi na gemu hii tunapoachana. Baada ya kufungua meli ya angani, falsafa yote niliyoisifu inatupwa. Nemesis wa Monster Arena, uwanja wa kupigana na mazimwi, ana HP 10,000,000. Silaha kuu ya Lulu inadai ukwepe radi 200 mfululizo kwenye Thunder Plains, na ya Tidus inadai umalize mbio za chocobo, ndege wa kupandwa, kwa sekunde 0:00.0, ambako kila puto linapunguza sekunde 3 na kila ndege anayekugonga anaongeza 3. Hayo hayana zamu, hayana hesabu, ni vidole na subira tu, na kwenye televisheni inayochelewesha picha hata vidole vizuri vinakosa radi. Sioni aibu kumshauri mtu aache radi kabisa.

Kama lakini unataka kubaki, jua kwanza una disiki gani. Toleo la Marekani la 2001 halina Dark Aeons, mabosi wa ziada walio viumbe wa kuitwa waliogeuka adui. Toleo la Ulaya la 2002 linao, sawa na toleo lililoboreshwa lililofika PS3 na PS Vita Desemba 2013 kwa Wajapani, na mwaka 2014 kwa wengine. Kipimo ni rahisi: ukianza gemu mpya ukaulizwa uchague Sphere Grid ya kawaida au ya wataalamu, una toleo lenye Dark Aeons. Hapo mambo mawili yafanywe mapema. La kwanza, hazina ya hekalu la Besaid, inayopatikana kwa Destruction Sphere, mpira wa fumbo la hekalu, ichukuliwe mara ya kwanza kabisa unapopita, kwa sababu ukirudi na meli utamkuta Dark Valefor mwenye HP 800,000 amesimama njiani, na bila hazina hiyo humpati Anima, mmoja wa viumbe wa kuitwa na Yuna. La pili, Sun Crest, inayohitajika kwa silaha kuu ya Tidus. Ukishamshinda Yunalesca, usiondoke. Shuka ngazi, rudi juu ukumbini, fungua sanduku. Ukija kulitafuta baadaye, Dark Bahamut ndiye atakayekupokea.

Mwenye laptopu ana njia nzuri zaidi kuliko wote. Toleo la kompyuta la 2016 lina sevu ya kujiendesha, linaweza kukimbizwa mara mbili au mara nne, na betri inakuvusha umeme ukikatika. Lina pia kitufe cha kuzima mazimwi ya njiani, na hicho ndicho nakitilia shaka. Ukikiwasha Besaid ukakizima Gagazet, utakuwa umemfikia Seymour Flux bila AP yoyote ya safari, na hapo hata safu ya zamu haitakuokoa. Kiache mpaka utakapokuwa umekwama kwenye mafumbo ya hekalu na mazimwi yanakukatisha kila hatua. Ukitoka hekaluni, kizime.